Masika ya Bukoba: penzi chini ya bati linalovuja

Mpenzi msomaji, tuanze na swali la kizushi. Uko na mwenzako kitandani, saa kumi kasoro alfajiri, blanketi limewafika shingoni, halafu tone la maji linakutua shavuni. Nani anatakiwa kuamka?

Kwetu swali hili lina jibu, maana tulishalijadili sana, na mara moja tulilijadili kwa kununiana siku mbili nzima. Anayelowa ndiye anayeamka. Tatizo ni kwamba paa letu linajua upande ninaolala mimi.

Usiku wa kuamkia Jumanne moja ya Aprili nilizuga sijasikia kitu. Tone la pili likaingia sikioni. Mwenzangu, macho yamefumba kabisa, akasema kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Beseni la bluu. Na uweke kitambaa."

Kitambaa ni muhimu, wewe usicheke. Beseni tupu likipigwa na tone usiku ni kama mtu anagonga mlango kudai deni. Ukitandika kitambaa ndani, kelele inakufa. Sisi tuna mabeseni mawili, sufuria iliyokatika mkono na kopo la rangi lililokwisha rangi, na kila kimoja kina kituo chake kama trafiki. Hayo yote nimejifunzia Bukoba. Temeke nilikokulia, adui alikuwa joto na rafiki alikuwa feni.

Niseme kidogo nilifikaje huku, maana washikaji wa Dar wana maneno yao. Nilimaliza kidato cha nne, nikazungukazunguka na vibarua vya Kariakoo, nikakutana na binti wa Muleba aliyekuja mjini kujifunza ushonaji. Alipoamua kurudi mkoani kwao kuweka cherehani yake Bukoba mjini, nikajikuta na mimi nimekata tiketi. Washikaji wakasema nimelishwa senene. Nililishwa kweli, ila baadaye, Novemba ilipofika. Huu ni mwaka wa pili tunaishi chumba na sebule pale Hamugembe, kwa ile ndoa inayoitwa sogea tukae. Mahari nimelipa nusu. Nusu iliyobaki ndiyo chanzo cha kisa hiki, tutafika huko.

Picha ya Bukoba inayouzwa Dar ni ya kiangazi: ufukwe, kisiwa cha Musira kimekaa kimya mbele ya mji, ndege inatua pembeni kabisa mwa maji, migomba ya kijani mpaka mlimani. Picha hiyo ni ya kweli. Ila hakuna anayekwambia kijani chote kile kinanyweshwa na nini. Bukoba hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam, pamoja na mafuriko yetu yote ya Jangwani, hupata kama 1,100 tu. Aprili ndiyo baba lao. Na hapo usidhani ni Kagera nzima. Ukienda ndani kule Karagwe, mbali na ziwa, mvua inapungua karibu nusu. Sisi wa ufukweni ndio tunaokula sahani iliyojaa.

Halafu mvua yenyewe ina ratiba. Dar mvua inaweza kukukuta saa yoyote, hii ya Bukoba inapenda alfajiri, ule muda mtamu wa usingizi. Mwanzoni nilidhani ni roho mbaya tu. Kumbe sababu ni ziwa. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo unateremka kutoka nchi kavu za pande zote kwenda ziwani. Pepo hizo zikikutana katikati zinasukuma juu hewa yenye joto na unyevu, mawingu yanajijenga, radi zinaanza kupiga huko huko majini. Kisha upepo wa mashariki unalisukuma furushi lote kuja magharibi, na magharibi ndiko tuliko sisi, tumelala. Ikifika saa nne au tano asubuhi anga linaweza kutakata kana kwamba hakuna aliyefanya kosa.

Tunaye mshikaji wetu aliyezamia Sweden. Tukimlalamikia baridi anatucheka kwenye simu, anatuonyesha theluji imefika kwenye kioo cha gari. Lakini yeye anatuonyesha hiyo theluji akiwa amevaa fulana, yuko ndani! Nyumba yake ina madirisha ya vioo viwili viwili na mlango unaoziba kama friji. Baridi kwake iko nje. Bukoba kipimajoto hakishuki sana, usiku wa mvua ni nyuzi 16 au 17, huwezi kujilinganisha na Makete ambako asubuhi za Juni na Julai umande unaganda. Ila baridi yetu imelowa, na imo ndani, inalala na sisi. Nyumba zimejengwa na matundu ya hewa juu ya dirisha, kama za Temeke, utadhani fundi alitaka kuikaribisha. Ya kwetu tumeyaziba kwa magazeti, likiwemo hili. Mhariri anisamehe, karatasi yake ni nzuri.

Basi siku yetu ya masika huenda hivi. Mwenzangu huamka kwanza kuwasha jiko, kwa sababu mimi nikiwasha mkaa wa masika nyumba inageuka tanuri la kuchoma tofali. Mkaa ukinyonya unyevu huwaki, unalia tu. Tumeuinua gunia zima juu ya matofali manne, chini ya meza ya chakula, na mgeni akikaa mezani magoti yake yanaota mkaa. Gesi tunayo mtungi mdogo, ni ya chai na ya dharura. Ndizi na maharage ni kazi ya mkaa, zinaanza kupikwa asubuhi na jiko hilo hilo ndilo linakausha soksi.

Nguo ndiyo kasheshe yenyewe. Suruali ya jinzi ikifuliwa Aprili inakauka siku ya nne, na siku ya nne tayari ina harufu. Kamba ya nguo tumeivusha sebuleni toka kona hadi kona. Ukitutembelea utapita chini ya bendera zote za taifa letu dogo, nyingine si za kuonyesha wageni. Zinazobaki mbichi zinamaliziwa na pasi ya mkaa, na huko ndiko mwenzangu anakokuwa mkali, maana yeye ni fundi cherehani, pasi ni chombo chake cha kazi. Mara mbili nimeacha alama ya kahawia kwenye kola. Mara ya pili alinishonea kiraka cha kitenge pale pale kwenye kola na nikakivaa hadi kazini.

Kuvu nao! Viatu vyangu vya ngozi vya kutokea, niliviacha chini ya kitanda wiki tatu, nilipovitoa vimeota manyoya ya kijani kama vinataka kwenda malishoni. Siku hizi tunafuta kwa kitambaa chenye siki na tunavitundika msumarini, juu, mbali na sakafu. Kabati tumelivuta likaachana na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma. Huu ni ufundi wa bure, hata wewe wa Sinza unaweza kuuchukua.

Mimi nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi mjini. Kabla ya Bukoba sikujua karatasi ina kiu. Ukiacha rimu wazi usiku wa mvua, asubuhi karatasi zimenywa, zinashikana, mashine inatafuna mbili mbili na mteja anataka cheti chake cha kuzaliwa. Sasa rimu iliyofunguliwa inalala ndani ya mfuko wa nailoni, na mimi nikifika kazini kitu cha kwanza ni kuwasha mashine ipate joto, kama mtu anapasha ng'ombe wa maziwa maneno kabla ya kukamua.

Lakini ngoja jua litoke. Hilo ni jambo la kuja kuliona kwa macho, mpenzi msomaji, acha hizo za ufukweni. Saa nne hivi wingu linapasuka, na Hamugembe yote inatoka nje na magodoro. Hakuna anayeambiwa. Mama wa genge anaacha nyanya, kinyozi anaacha kichwa nusu, na mimi nimewahi kuomba ruhusa kibandani kwa kumwambia bosi ukweli mtupu: bosi, jua limetoka. Akasema nenda, na upite kwangu uwaambie. Kila ua kuna godoro, kila ukingo wa kibaraza kuna mito na makoti, watoto wanakanywa wasirushe mpira. Mtaa unanuka sabuni na pamba ya zamani. Ikipita saa moja na nusu mtu mmoja anapiga kelele kutoka upande wa ziwa, "Inakuja!" na magodoro yote yanakimbia kurudi ndani yakiwa na miguu ya binadamu.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi kuliko matone.

Ukuta wa chumbani kwetu una ufa. Si wa rangi, ni wa ukuta. Unaanzia kona ya dirisha, unateremka kimshazari hadi karibu na kichwa cha kitanda, upande anaolala mwenzangu. Waliokuwapo wanasema ulizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, mchana kuelekea jioni, lilipopiga lile tetemeko la ukubwa wa 5.9. Wote tunaikumbuka habari hiyo: watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya, na mitaani nyumba nyingi zilizojengwa kwa tofali zilizounganishwa na tope ziliachia. Yetu haikuanguka. Ilipakwa rangi na kupangishwa.

Tulipohamia, ufa ulikuwa unaingiza ncha ya kalamu. Mwenzangu ana macho ya ushonaji, hawezi kuona mstari asiupime. Akachora alama ya penseli pale ufa ulipoishia chini, akaandika tarehe pembeni. Mwaka mzima wa kwanza alama zilikuwa mbili. Masika haya, kuanzia katikati ya Machi hadi ile Jumanne ya Aprili, zikaongezeka tatu. Kuna asubuhi nilimkuta amekaa kitandani na tepu ya kupimia nguo shingoni, anauangalia ule ukuta kama mteja asiyelipa.

Mwenye nyumba tulimpigia. Akasema tuongee na fundi, tutakata kwenye kodi, halafu simu yake ikaanza kuwa na tabia ya kutopatikana. Fundi alikuja, akagonga ukuta, akatingisha kichwa kwa namna ya mafundi wote duniani, akasema na bati pia limeoza kwenye misumari. Akataja hesabu yake. Hesabu hiyo ilikaribiana kwa namna ya ajabu na fedha iliyokuwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, laki tatu na nusu, ambayo kazi yake ilikuwa nusu ya pili ya mahari, pamoja na blanketi la mama mkwe.

Mwenzangu akasema tutumie ya kopo. Mimi nikakataa. Nikasema ile ni hela ya heshima, mwanaume hawezi kwenda ukweni na hadithi za bati. Nilisema kwa sauti, tena nikasimama, kama wale wa kwenye sinema.

Yeye hakusimama. Aliendelea kukunja shuka, akasema, "Heshima gani hiyo, ulipe mahari ya mwanamke aliyeangukiwa na ukuta?"

Siku mbili za kununa ndizo hizo nilizozitaja mwanzo. Siku hizo nilikuwa nikipita mjini karibu na Kanisa Kuu la Katoliki najitafutia faraja. Kadinali Rugambwa, kadinali wa kwanza Mwafrika, alifariki 1997, lakini akazikwa kwa muda Kashozi, kwa sababu Kanisa Kuu la Bukoba lilikuwa linangoja ukarabati. Alihamishiwa pale 2012. Miaka 15! Nikajiambia kama kadinali mzima alisubiri jengo miaka 15, mimi ni nani nisisubiri kiangazi? Nilipomwambia mwenzangu wazo hilo, akanijibu kwamba kadinali hakuwa amelala chini ya ufa.

Jumamosi tukapanda haisi kwenda Muleba. Yeye alisema tunaenda kusalimia. Mimi nilijua naenda kuomba muda.

Barabara ya Muleba inashika kusini, inapita Kemondo, inapita Muhutwe, lami inapanda na kushuka, na ziwa linajitokeza upande wa kushoto na kujificha tena kama mtoto anayecheza. Siku hiyo halikujitokeza. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, dereva kawasha taa saa tatu asubuhi, abiria wanne kwenye kiti cha watatu na hakuna aliyelalamika kwa sababu ya joto la kubanana. Mtu wa Dar anasoma mandhari kwa majengo. Huku unasoma kwa migomba: ukiona migomba imekaa pamoja, imenenepa, majani mengi, katikati yake kuna nyumba, hata kama huioni. Kibanja ndiyo anwani.

Muleba mjini tulishuka mvua ikinyesha, bodaboda akatuvalisha nailoni moja sisi wawili, tukafika ukweni tumefanana na mzigo wa posta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu waitu. Umeleta mvua ya Bukoba?"

Tukapewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni Mhaya hupewa kabla ya maneno. Nikaanza kupanga hotuba yangu. Niliiandaa vizuri, ilikuwa na utangulizi. Sikufika mbali. Nilipotaja neno "ufa", mzee akanyanyuka, akachukua koti lake la mvua, akanipa mimi gunia la kujifunika kichwa, akasema tutoke. Mvua hiyo hiyo!

Akanizungusha nyumba yake. Si nyumba ya kifahari, ni ya tofali za kuchoma na bati la zamani lililopauka, lakini chini yake, kando ya ukuta, kulikuwa kukavu. Nilistaajabu, maana mvua ilikuwa inamwagika. Mzee akanionyesha: bati limetoka nje ya ukuta kwa zaidi ya hatua moja. Mwisho wake kuna mfereji aliokunja mwenyewe kutoka kwenye bati chakavu, umefungwa kwa waya, unamwaga kwenye tangi. Tangi likijaa, maji yanaingia kwenye mtaro uliochimbwa kwa mteremko, yanaondoka, yanakwenda kibanjani. Na kibanjani ardhi yote imetandikwa majani ya migomba na nyasi, mvua inaanguka pale bila sauti, kama ile ya beseni lenye kitambaa.

"Maji ya paa lenu yanaanguka wapi?" akaniuliza.

"Chini, baba. Kando ya ukuta."

"Hapo hapo kwenye ufa?"

Nikafikiria. Naam, hapo hapo. Kuna hata shimo refu lililochimbwa na matone, mimi huwa naoshea ndala.

Akanyamaza kidogo. "Tetemeko lilipasua siku moja," akasema. "Hayo mengine mnapasua nyie kila siku."

Basi tukaanza kazi. Mtaro wake ulikuwa umeziba upande wa chini, akanipa jembe, naye akachukua lake, na nusu ya kwanza ya ziara yangu ya ukweni niliimalizia nikiwa kwenye matope hadi magotini. Huku tunachimba akanisimulia msonge wa bibi yake, zile nyumba za mviringo za Wahaya, nyasi kutoka kileleni hadi ardhini. Zile hazikuwa na ukuta wa kulowana, alisema, paa ndiyo ukuta. Na ndani moto hauzimwi. Mimi nilidhani moto ni wa kupikia na kuota tu. Kumbe moshi wake unakausha nyasi za paa na kufukuza wadudu, na nyumba ikikaa bila moto inaanza kuoza kutoka juu. Kisha zikaja fedha za kahawa, watu wakanunua mabati, na bati, akasema mzee, halitaki moshi wala halitaki kulindwa usiku, ila linataka mfereji, na watu wengi walinunua bati wakasahau mfereji. Alicheka peke yake. Mtoto wa Temeke nikacheka pia, ingawa ni mimi niliyekuwa nachekwa.

Tuliporudi ndani, hotuba yangu ilikuwa imelowa. Nikasema tu: baba, ile fedha iliyobaki ipo, lakini nyumba tunayoishi inaanguka, naomba muda. Mwenzangu alikuwa anaangalia mlangoni. Mzee aliendelea kujifuta miguu.

"Unatengeneza nyumba ya mtu kwa fedha ya mkeo?"

Hapo nilihisi baridi ambayo si ya masika.

"Atakata kwenye kodi, baba."

"Umeandika wapi?"

Sikuwa nimeandika popote. Mimi ninayeishi kwa fotokopi! Akaita daftari la mjukuu, nikaandikishwa pale pale, mstari kwa mstari: bati ngapi, misumari, mfereji, saruji, jina la mwenye nyumba, kodi ya miezi mingapi itahesabika imelipwa, mahali pa sahihi yake, mahali pa shahidi. Akasema mwenye nyumba akikataa kutia sahihi, nisigonge msumari hata mmoja, nihame na binti yake wiki hiyo hiyo, hata kama ni chumba kimoja. Akitia sahihi, nitengeneze, na mahari niilete mwezi wa saba, kahawa ikiwa imeanikwa uani na watu wana nafasi ya kukaa.

Kutoka chumba cha pili, ambako mama mkwe alikuwa muda wote, ikaja sauti: "Blanketi lakini lisingoje. Baridi haijui mwezi wa saba."

Blanketi nimelituma, zito, la mistari.

Mwenye nyumba alitia sahihi. Nadhani ni lile karatasi lililomtisha, maana nilimpelekea nakala tatu. Fundi akabadilisha bati mbili, akaweka kofia mpya ya paa na misumari yenye raba. Mfereji tulikunja kwa bati lililotolewa, kama wa Muleba, umepinda kidogo upande wa jirani. Mtaro tulichimba wenyewe Jumapili mbili, yeye na jembe, mimi na koleo, na jirani yetu wa ukuta wa pili alipoona maji yanapita vizuri akaja na jembe lake akauendeleza hadi kwake. Ufa wenyewe fundi kakataa kuugusa kwa sasa. Kasema ukuta uliolowa haushiki plasta, tumwite Julai, atauchimbua, atabana wavu wa kuku, ndipo apige saruji. Kwa hiyo bado upo. Kitanda tumekihamishia ukuta wa pili, na sasa anayelala karibu na dirisha ni mimi. Mwenzangu bado anapita na tepu yake kila Jumapili. Alama ya mwisho ya penseli ni ile ya Aprili, na tangu tuchimbe mtaro ufa haujaivuka. Ni wiki ya tano.

Kopo la maziwa lina elfu arobaini. Jana alitia elfu tano zake za ushonaji, hakusema kitu, nami sikuuliza.

Juzi alfajiri ikanyesha ile yenyewe, ya radi, iliyotoka moja kwa moja ziwani. Wote tuliamka saa kumi, kwa mazoea tu. Tukalala tunasikiliza. Kitandani hakuna tone. Maji yalikuwa yanakimbia kwenye mfereji na kumwagika pipani huko nje. Nikaanza kusinzia. Halafu sebuleni, taratibu kabisa, tak. Kimya. Tak.

"Hilo la mezani," akasema. "Leo hajalowa mtu."

Nikaenda hivyo hivyo, na sufuria iliyokatika mkono. Nilisahau kitambaa, ikabidi nirudi.